Prosecco na zabibu ya Glera: inaelewana na vyakula gani vya mezani kwetu?

Binti wa South B ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mwezi ujao familia yetu itawapokea nyumbani, hapa South B, wazazi wa mchumba wa mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa jukumu la vinywaji. Mama, ambaye alikulia Mombasa, atasimamia jiko, kwa hivyo mnaweza kukisia kitakachokuwa mezani: sambusa za nyama na viazi karai pamoja na chatine ya ukwaju kwa kuanzia, kisha samaki wa kupaka, pilau ya ng'ombe na kachumbari, na mwishoni mahamri na kaimati. Wageni wasiotumia kileo watatengenezewa sharubati ya ukwaju na ya pasheni, na upande huo hauna tatizo. Kilichonileta hapa ni divai.

Tumekubaliana nyumbani kwamba iwe divai nyeupe yenye mapovu, kwa kuwa ni siku ya furaha, na kwamba iwe Prosecco ya Italia, ambayo kwa kawaida bei yake iko chini ya ile ya Champagne. Nilipokwenda kuangalia katika duka moja la vileo mjini, nilikuta chupa nyingi zenye jina hilohilo lakini maandishi tofauti: nyingine zimeandikwa Brut, nyingine Extra Dry, nyingine Dry, baadhi zina herufi DOC na baadhi DOCG, na moja ilikuwa na jina Valdobbiadene kwa herufi kubwa kuliko jina Prosecco lenyewe. Muuzaji alinihudumia kwa ukarimu, ila alichoniambia ni kwamba zote zinatokana na zabibu iitwayo Glera na kwamba ladha zake hazitofautiani sana.

Ningependa kuelewa zabibu hiyo ina tabia gani, maandishi hayo yanamweleza mnunuzi nini, na hasa ni chupa ipi niiweke karibu na sahani ipi. Mapendekezo niliyoyasoma karibu yote yanazungumzia jibini, chaza na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, vyakula ambavyo havitakuwepo mezani kwetu. Je, divai hii inaweza kustahimili nazi, bizari na ukwaju, au nitafute nyingine?

Mhudumu wa Divai, Westlands, amejibu:

Dada yangu, hongereni kwa hatua hiyo ya familia. Kazi yangu ni kuhudumia divai katika hoteli moja hapa Nairobi, na swali lako la mwisho ndilo ambalo wageni wetu wa hapa nyumbani huniuliza mara nyingi kuliko mengine yote, kwa hivyo uniwie radhi nikilijibu kwa urefu. Prosecco inaweza kukaa vizuri sana na chakula cha pwani, kwa sharti kwamba uichague kwa kiasi cha sukari yake kabla ya kuangalia umaarufu wa mtengenezaji au uzuri wa chupa.

Nianze na zabibu. Glera ni zabibu nyeupe ya kaskazini-mashariki mwa Italia, katika majimbo ya Veneto na Friuli Venezia Giulia. Mzabibu wake una nguvu na huzaa kwa wingi. Matunda yake huchelewa kuiva na huufikisha uchachu wake hadi msimu wa mavuno. Harufu yake ni ya upole: utasikia tufaha la kijani, pea na maua meupe, na mara nyingine pichi au tikiti. Hadi mwaka 2009 zabibu hii nayo iliitwa Prosecco, kama kijiji kilicho karibu na mji wa Trieste; mwaka huo sheria ililifanya jina hilo kuwa la eneo linalolindwa, na zabibu ikabaki na jina la Glera. Sheria hiyo inataka angalau asilimia 85 ya divai itokane na Glera. Sehemu iliyobaki inaweza kutoka kwa zabibu za kienyeji kama Verdiso, Perera na Bianchetta Trevigiana, au zilizoenea duniani kama Chardonnay na Pinot Bianco.

Harufu ya upole kama hiyo hupotea upesi isipotunzwa, na namna ya kuitengeneza Prosecco imekusudiwa kuitunza. Divai ya kwanza, ambayo bado haina mapovu, hutiwa katika tangi kubwa la chuma pamoja na sukari na hamira, tangi likafungwa kabisa, na divai ikachachuka mara ya pili. Gesi inayozaliwa humo, kwa kukosa pa kutokea, huyeyuka ndani ya divai yenyewe. Mwitaliano Federico Martinotti ndiye aliyeisajili njia hii mwaka 1895, na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907. Champagne, kwa upande wake, huchachuka mara ya pili ndani ya chupa ileile utakayoinunua, na hukaa humo miezi isiyopungua 15 kabla ya kuuzwa, muda ambao huipa ladha inayokumbusha mkate kutokana na mashapo ya hamira. Prosecco haitafuti ladha hiyo. Inatafuta tunda, tena tunda bichi lililoiva juzi tu. Kwa sababu hiyo huwa nasikitika ninaposikia ikiitwa Champagne ya watu wasio na fedha, maana hizi ni divai mbili zenye makusudi mawili, na anayeipima moja kwa kipimo cha nyingine atakosa raha ya zote mbili. Kwa sababu hiyohiyo, usinunue chupa iliyokaa rafuni miaka mingi ukidhani imeongezeka thamani. Tafuta iliyo changa.

Sasa tuje kwenye sukari. Brut ina sukari isiyofika gramu 12 kwa lita, Extra Dry ina gramu 12 hadi 17, na Dry ina gramu 17 hadi 32. Angalia mpangilio huo vizuri, kwa sababu ni kinyume na vile mnunuzi angetarajia: Extra Dry ni tamu kuliko Brut, na Dry ni tamu kuliko zote mbili. Utakuta pia Extra Brut, isiyozidi gramu 6, na Brut Nature, isiyozidi gramu 3, ingawa hizi mbili ni nadra zaidi na singezipeleka kwenye meza ya mama yako.

Kuhusu eneo, herufi hizo ni madaraja ya Italia ya divai ambazo asili yake inalindwa na sheria: DOC ni eneo pana linalogusa mikoa tisa ya majimbo hayo mawili, na sehemu yake kubwa ni tambarare. DOCG ni daraja la juu zaidi, nalo limetengwa kwa ajili ya vilima vya Conegliano Valdobbiadene na vya Asolo. Jina uliloliona kwa herufi kubwa ndilo hilo. Vilima vya Conegliano na Valdobbiadene vina miteremko mikali kiasi kwamba sehemu kubwa ya kazi bado hufanywa kwa mikono, na mwaka 2019 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Katika eneo la DOC hekta moja inaruhusiwa kutoa hadi tani 18 za zabibu. Katika vilima hivyo kikomo ni tani 13.5, na katika Cartizze, sehemu ya Valdobbiadene yenye takriban hekta 107 tu, kikomo ni tani 12. Mzabibu unaobeba matunda machache huyalisha vizuri zaidi, na tofauti hiyo husikika mdomoni. Kwa hilo sikubaliani na muuzaji wako. Kabla ya kulipa, tazama pia shingo ya chupa: Prosecco halali, iwe DOC au DOCG, hubandikwa utepe wa serikali ya Italia wenye namba.

Baada ya hayo, chakula. Sambusa na viazi karai ni vyakula vya kukaangwa, na mafuta hupenda kinywaji chenye uchachu na mapovu, kwa sababu viwili hivyo huusafisha ulimi na kukurudishia hamu ya kuumega tena, kazi ileile inayofanywa na ndimu juu ya samaki wa kukaanga. Hapo Brut ya DOC inatosha kabisa. Chatine ya ukwaju inahitaji uangalifu kidogo: chakula kichachu huifanya divai ionekane imepungukiwa na uchachu, na chakula chenye sukari huifanya ionekane kavu zaidi, yaani yenye utamu mdogo zaidi. Kama mama hutia sukari ya kutosha katika chatine yake, hamia Extra Dry. Inafaa kukumbuka kwamba Venezia, ulio katika eneo hilohilo la Prosecco, una chakula chake cha siku nyingi cha dagaa wakubwa wanaokaangwa kisha kulazwa katika vitunguu, siki na zabibu kavu. Anayekula chakula hicho na Glera hatashangazwa na ukwaju wetu.

Samaki wa kupaka ndiye ningempa chupa bora ya siku hiyo. Tui zito la nazi lina utamu wake wa asili, na kando yake Brut huonekana ngumu na yenye uchungu. Extra Dry ya Conegliano Valdobbiadene ina sukari ya kulingana na tui, uchachu wa kulipunguzia uzito, na harufu ya pea inayokaa pamoja na manjano na kitunguu saumu bila kugombana. Moshi kidogo wa makaa hauharibu kitu. Nimewahudumia watu wengi mchanganyiko huu, na ndio ninaoupendekeza bila kusita hata kidogo.

Na pilau nayo ingeweza kwenda na Extra Dry hiyohiyo, hasa ikipunguzwa makali kwa kachumbari.

Mpishi wa Ngara amejibu:

Ndugu yangu wa Westlands ameeleza vizuri sana, na kuhusu samaki wa kupaka ninaungana naye kwa moyo wote. Kuhusu pilau sikubaliani naye, na ningependa kusema sababu kwa sababu pilau ndiyo sahani kuu ya mchana huo na wageni wataikumbuka.

Pilau ya ng'ombe iliyopikwa sawasawa ina bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi kiasi, ambavyo ndivyo huipa rangi. Hiyo ni ladha nzito, yenye uchungu wa mbali wa kitunguu kilichoungua na mafuta ya nyama. Glera, ambayo ndugu yetu mwenyewe ameisifu kwa upole wake, haiwezi kusimama mbele ya karafuu. Ukiinywa baada ya tonge la pilau, kitakachobaki ni mapovu na uchachu. Tufaha na maua yote yatakuwa yamefunikwa. Divai haitakuwa mbaya, lakini utakuwa umelipia harufu ambayo hutaisikia.

Kwa sahani hiyo moja ningebadilisha chupa. Hapa Nairobi haiwi vigumu kupata Cap Classique ya Afrika Kusini, ambayo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa kama Champagne. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1971 huko Stellenbosch katika shamba la Simonsig, kwa zabibu ya Chenin Blanc, na leo nyingi hutengenezwa kwa Chardonnay na Pinot Noir. Kule kukaa pamoja na mashapo ya hamira, ambako ndugu yetu amekutaja, huipa mwili, yaani uzito mdomoni, na ladha ya mkate uliookwa, na ladha hiyo inaelewana na kitunguu kilichokaangwa na wali uliopikwa kwa mchuzi wa nyama. Dada akitaka kubaki na Italia pekee, basi na afungue chupa moja ya divai nyekundu nyepesi kwa ajili ya pilau, aiweke kando, kila mgeni ajichagulie.

Kachumbari nayo naiogopa zaidi kuliko ndugu yetu anavyoiogopa. Kitunguu kibichi hukaa mdomoni muda mrefu na huua harufu ya divai yoyote iliyo laini. Dawa ni rahisi jikoni: vioshwe vitunguu kwa maji ya chumvi, vikamuliwe, ndipo vichanganywe na nyanya na ndimu. Mama yako bila shaka anaijua njia hii, ila mkumbushe siku hiyo isiachwe kwa haraka. Pilipili mbuzi naomba iwekwe kwenye kibakuli chake badala ya kukatiwa ndani. Pombe huongeza mwasho wa pilipili, na hapo Prosecco ina nafuu kwa kuwa kileo chake mara nyingi ni takriban asilimia 11, lakini mapovu yenyewe pia huchoma ulimi uliokwisha kuwashwa. Sukari kidogo husaidia, na hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea Extra Dry; hata hivyo, mtu anayependa pilipili nyingi atapata raha zaidi kwa sharubati ya ukwaju kuliko kwa divai yoyote yenye mapovu.

Nikiwa hapo, niwajibu pia wale wanaoniuliza mara kwa mara kuhusu nyama choma. Mbuzi wa kuchoma, mwenye mafuta na ukoko wa makaa, si wa Glera. Kuku wa kuchoma aliyepakwa ndimu na kitunguu saumu anakubali Brut vizuri, na tilapia mzima wa kukaangwa, pamoja na ugali na mboga za kienyeji zilizotiwa maziwa, anaikubali zaidi kuliko watu wanavyodhani; uchungu mdogo wa mnavu au mchicha hulainishwa na maziwa, na samaki mwenyewe ana chumvi na mafuta, vitu viwili ambavyo divai hii inavipenda. Ningefurahi kuona wenzetu wengi wakiijaribu kwa chakula hicho cha kila siku badala ya kuisubiri harusi.

Mwalimu wa Sayansi, Kasarani, amejibu:

Sina utaalamu wa ladha kama waliotangulia, lakini kuna jambo la Nairobi lenyewe ambalo halijatajwa. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ikilinganishwa na Mombasa au Venezia. Gesi iliyoyeyushwa ndani ya divai hubaki humo kwa sababu ya kanieneo iliyo ndani ya chupa iliyofungwa. Ukifungua chupa mahali ambapo hewa ya nje inasukuma kidogo, gesi hutoka kwa kasi zaidi, povu huinuka juu zaidi katika glasi, na mapovu huisha mapema kidogo.

Joto ndilo lenye athari kubwa zaidi, na ndilo unaloweza kulidhibiti. Kioevu baridi hushikilia gesi kuliko kioevu chenye joto, kwa hivyo chupa ipoe sawasawa hadi nyuzijoto 6 hadi 8 za Selsiasi kabla ya kufunguliwa. Ndoo iliyojaa barafu peke yake hupoza polepole kwa kuwa barafu haigusi chupa pande zote. Changanya barafu na maji, na nusu saa itatosha. Chupa isitikiswe njiani, na kama imesafirishwa kwa gari kupitia barabara mbovu, ilazwe kwenye jokofu tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Wakati wa kufungua, elekeza mdomo wa chupa mbali na watu na mbali na taa, legeza waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo muda wote, shika kizibo kwa nguvu, kisha uzungushe chupa yenyewe kutoka chini. Kizibo kitoke kwa pumzi ndogo. Naona vijana wengi katika sherehe wakipenda mlio mkubwa, na kila mlio wa namna hiyo ni gesi iliyopotea, mbali na hatari ya jicho la mtu. Chupa ya spumante, yaani ile yenye mapovu kamili, ina kanieneo ya zaidi ya ba 3, ambayo inazidi ile ya tairi la kawaida la gari dogo.

Binti wa South B ameandika tena:

Nawashukuru sana nyote, na mmenifungulia mlango ambao muuzaji hakuweza kuufungua. Mama amesoma maelezo ya Mpishi wa Ngara na amekubali kwamba pilau ipewe chupa yake. Vitunguu vya kachumbari amesema huviosha kwa chumvi siku zote. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwa mahamri na kaimati mwishoni, je, Extra Dry ileile itaendelea kufaa, au nihamie kwenye ile ya Dry? Na kwa wageni kumi na wawili watakaokunywa divai, ninunue chupa ngapi, na zikibaki wazi nifanye nini?

Mhudumu wa Divai, Westlands, amejibu:

Kwanza nimpe mpishi haki yake kuhusu pilau. Nimezoea pilau za hotelini, ambazo hupunguzwa viungo kwa ajili ya wageni wa kila aina, na hizo hukaa na Extra Dry bila taabu. Pilau ya nyumbani kwa mtu aliyekulia Mombasa ni jambo jingine, na Cap Classique ni pendekezo zuri.

Mahamri na kaimati usiziweke kundi moja. Mahamri ya tui na iliki yana utamu mdogo, na hapo Dry inafaa kabisa. Ukiweza kupata Cartizze, ambayo kwa desturi hutengenezwa kwa kiwango hicho cha sukari, utaona jinsi iliki inavyoamsha harufu ya maua iliyokuwa imejificha katika Glera. Ni chupa ya bei ya juu na haihitajiki kwa kila mgeni, lakini kama kuna chupa moja ya kuwaheshimu wazee nayo siku hiyo, ningeiweka hapo, mwishoni, watu wakiwa wametulia. Kaimati zilizozamishwa katika shira ni tamu kuliko Prosecco yoyote utakayoipata. Kanuni ni kwamba divai isiwe na utamu mdogo kuliko kitafunio, la sivyo itaonja kama maji ya ndimu. Kwa kaimati, chagua Asti, divai yenye mapovu kutoka Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, inayotengenezwa kwa zabibu ya Moscato Bianco; sukari yake inaizidi Prosecco kwa mbali na kileo chake ni kidogo, kwa hivyo hata wasiozoea divai huipokea vizuri. Au uziache kaimati kwa chai ya maziwa, ambayo ndiyo rafiki yake wa siku zote, na hakuna mgeni atakayelalamika.

Kuhusu idadi, chupa moja ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125. Kwa watu kumi na wawili na chakula cha mchana kirefu, chupa mbili za Brut zitampa kila mmoja glasi moja ya kuanzia na sambusa. Chupa mbili za Extra Dry zitatosha samaki. Mbili za Cap Classique zitatosha pilau. Na moja au mbili za Dry zitafunga meza, kwa kuwa wakati huo wengi hutaka nusu glasi tu. Wakumbuke wale watakaoendesha gari, wawe na maji na sharubati karibu nao tangu mwanzo bila ya wao kuomba. Kwa glasi, zile nyembamba na ndefu huhifadhi mapovu lakini huibana harufu. Kama una glasi za kawaida za divai nyeupe, zitumie hizo, zijazwe hadi theluthi moja au nusu, kwa mikupuo miwili ili povu litulie katikati.

Chupa iliyofunguliwa irudishwe kwenye jokofu mara moja ikiwa imefungwa kwa kifuniko maalumu cha divai ya mapovu, kile chenye mikono miwili inayoshika shingo, ambacho huuzwa katika maduka ya vyombo. Ikifungwa hivyo itakunyweka kesho yake, na pengine siku ya pili. Ile hadithi ya kuning'iniza kijiko cha fedha mdomoni mwa chupa haisaidii chochote. Kinachosaidia ni baridi ya jokofu. Ikipoteza mapovu kabisa, mpe mama aitumie jikoni: nusu kikombe katika sufuria ya kamba waliokaangwa kwa kitunguu saumu, ichemke hadi ipungue, ndipo tui jepesi litiwe juu yake.